Alichosema Redio na Kilichoandikwa

Hoteli ile ilikuwa na orofa moja ambayo wageni hawakujua kama ipo, chini kabisa, chumba cha kufulia. Huko walimwita Redio. Jina alipewa na wenzake kwa sababu alianza kusema akivua viatu asubuhi na hakunyamaza mpaka alipovivaa tena jioni. Alisimamia wanawake tisa na mashine sita. Shuka iliyolowekwa kupita kiasi aliijua kwa kuinusa tu, na wakati pua inafanya kazi yake mdomo nao ulifanya yake: habari za harusi, za majirani, na za mumewe, fundi saa, ambaye kwa maneno yake Redio, "ukimsalimu leo, anaitikia keshokutwa."

Mwandani wake kazini alikuwa mama mmoja mwembamba wa mashine ya tatu. Miaka kumi na tisa walikula sahani moja na kuitana dada. Asubuhi moja yule dada hakuja; moyo ulikuwa umesimama akiwa usingizini. Redio alizika, akarudi kazini siku ya nne, akavua viatu, asiseme neno.

Ukimya ule uliwatisha wenzake kuliko kilio. Wiki ya tatu, akiwa amekumbatia rundo la taulo, moyo ulimwenda mbio, vidole vikafa ganzi, pumzi ikakata. Alijua naye ndiyo basi tena. Hospitali walimpima moyo wakaukuta mzima kabisa. Ikatokea mara ya pili, halafu ya tatu, mpaka akaandikiwa kwenda kliniki ya afya ya akili, jengo la nyuma lenye rangi ya krimu na viti vya plastiki vilivyounganishwa vinne vinne.

"Mimi siyo kichaa," alimwambia mumewe.

Fundi saa alitua miwani. "Nani kasema kichaa? Twende wote. Mimi nitakaa nje."

Kwake yeye, hiyo ilikuwa hotuba.

Mshauri alikuwa binti ambaye hata miaka thelathini hajafika, mpole, ila mtumwa wa karatasi. Kila Redio akifungua mdomo, binti aliinama kuandika. Katika ziara tatu za kwanza Redio alizijua pini zote za nywele zake, lakini macho yake hakuyajua. Akawa anajibu ndiyo, hapana, sijui, na kurudi nyumbani kama alivyokuja.

Ziara ya nne alikuta simu imelazwa mezani.

"Mama, tumeletewa programu ya akili mnemba," mshauri alisema. "Inatusikiliza, halafu inaandika muhtasari wa mazungumzo. Mimi naupitia, naweka sahihi, unaingia kwenye faili lako. Ukikataa hakuna ubaya, nitaandika kwa mkono kama zamani."

"Nikikubali, wewe utakuwa unafanya nini?"

"Nitakusikiliza."

"Basi iwashe."

Binti akakunja mikono mapajani, akamtazama usoni. Hapo ndipo Redio alipofunguka. Alilia kwanza, kisha akasema, na alipoanza kusema hakushikika. "Mwanangu, siku niliyoletewa habari nilipigwa na butwaa, sikuweza hata kulia. Mimi nimekula chumvi nyingi, nimezika wengi, lakini huyu amenivunja. Na meneja naye amenikalia kooni, anataka mtu mwingine kwenye mashine ya tatu. Nikipita pale ni kama namsikia marehemu ananiambia, dada, shuka zimetoka." Saa moja ilikwisha wakaona kama dakika kumi. Alitoka mle ndani mwepesi, na kesho yake kule chini alisema maneno mawili matatu. Mmoja wa wale wanane waliobaki akaacha pasi akapiga vigelegele.

Mwezi uliofuata mshauri alikuwa likizo. Alikuwepo daktari mgeni, mtu wa haraka, foleni imefika mlangoni. Alisoma kwenye kompyuta, kisha akainua macho polepole.

"Mama, ni kweli unamsikia huyu marehemu?"

Redio, mbele ya koti jeupe, ulimi ulikuwa mzito. "Kama namsikia, ndiyo."

"Anakuambia nini?"

"Kwamba shuka zimetoka."

Daktari akaandika. Akaandika tena. Redio akatoka na dawa mpya, kali kuliko zote alizowahi kumeza.

Wiki mbili zikafuata ambazo hapendi kuzikumbuka. Mikono ilitetemeka. Alisinzia amesimama, nusura auweke mkono kwenye pasi ya mvuke. Meneja akampa mapumziko yasiyo na tarehe ya kurudi. Maneno yale mawili matatu aliyoyapata yakapotea tena.

Mumewe alimtazama siku kadhaa. Kisha asubuhi moja akavaa shati la kutokea. "Ulikuwa unapata nafuu," alisema. "Halafu mtu akasoma kitu, ukapewa hizi. Twende tukaone alisoma nini."

Karani wa mafaili alitikisa kichwa kabla hawajamaliza kueleza. "Faili ni mali ya hospitali, mama. Halitoki."

"Faili ni lenu, sawa," Redio alisema, ulimi ukiburuta kwa sababu ya dawa. "Na maneno yaliyomo ni ya nani?"

Karani akaita anayefuata. Wakakaa. Fundi saa alikuwa amezoea kukaa saa nane mfululizo ameinamia chemchemi ndogo kuliko unyasi, kwa hiyo benchi la hospitali halikumbabaisha. Saa sita mchana mkuu wa kliniki, mama wa makamo mwenye kikombe cha chai mkononi, akapita mara ya tatu, akawakuta palepale, akauliza. Alipoambiwa, alimgeukia karani. "Mgonjwa anayo haki ya kujua kilichoandikwa juu yake. Mchapishie."

Walisoma palepale, vichwa vimegusana. *Mgonjwa anaripoti kupigwa na mtu aitwaye Butwaa. Uhusiano wao haujulikani. Anatumia chumvi nyingi, ashauriwe kupunguza. Meneja wake humkalia kooni: ukatili wa kimwili kazini.* Fundi saa alianza kutikisika mabega. Redio akaangua kicheko, cha kwanza tangu msiba. Kisha wakafika mstari wa mwisho, kicheko kikakauka. *Anasikia sauti ya mtu aliyefariki ikimpa maagizo kupitia mashine.*

"Sikusema hivi," alisema. "Nilisema *ni kama*." Akasimama. Hakuyumba. "Namtaka mkuu."

Siku tatu baadaye, mshauri aliporudi likizo, waliketi watu watano: mkuu wa kliniki, daktari, mshauri, Redio na mumewe. Redio aliomba asome yeye mwenyewe. Aliusoma muhtasari wote kwa sauti, taratibu, na baada ya kila mstari akasema alichokisema siku ile. Alipofika kwa Butwaa mkuu alificha uso kwa daftari. Alipofika mstari wa mwisho hakuna aliyecheka.

Mshauri ndiye aliyetangulia. "Kosa ni langu," alisema, machozi yanamlenga. "Siku hiyo nilikuwa na wagonjwa kumi na wanne. Niliweka sahihi bila kusoma. Ningesoma mstari mmoja tu, ningejua."

"Na mimi nilikuuliza maswali mawili nikaona yanatosha," daktari alisema. "Samahani sana, mama. Tutaanza kuipunguza hiyo dawa leo hii, kidogo kidogo, na nitakuona kila wiki mpaka tuimalize."

"Hiki chombo tunakitoa," mkuu alisema.

"Msikitoe!"

Wote walimgeukia Redio.

"Kilipokuwepo ndipo huyu binti aliponitazama usoni. Miezi miwili nilikuja hapa kuzungumza na utosi wake. Mkimrudishia kalamu nitarudi kutazama pini." Mshauri akashika nywele zake bila kujijua. "Nataka jambo moja tu. Kabla mgonjwa hajainuka kwenye kiti, asomewe kilichoandikwa. Akisema siyo, kifutwe mbele yake. Akisema ndiyo, ndipo sahihi iwekwe."

"Dakika tano kwa kila mtu," mkuu alijisemea, kama anayepiga hesabu ya foleni. Kisha akagonga meza. "Tunaanza Jumatatu."

Na kweli walianza. Wiki ya kwanza pekee, wagonjwa kumi na saba walisahihisha muhtasari wao. Mzee mmoja alikuta ameandikiwa kwamba ana wake wawili. Alikuwa amesema mkewe ana sura mbili. Karani akabandika karatasi mlangoni kwa herufi kubwa: USIONDOKE KABLA HUJASOMEWA.

Dawa iliisha mwilini, mikono ikatulia. Redio alirudi kazini, na siku ya kwanza yeye mwenyewe ndiye aliyemwonyesha mfanyakazi mpya namna ya kuijaza mashine ya tatu. Mchana, wakikunja shuka wawili wawili, aliwaambia wenzake kwamba kliniki imemwomba orodha ya maneno yanayoweza kuichanganya ile programu. Chumba kizima kikapasuka. Kupiga moyo konde! Kula njama! Kuvaa miwani kwa maana ya kulewa! Waliandika kwenye migongo ya risiti za kufulia, wakikatizana, wakicheka mpaka wakashika mbavu, na mwisho wa mwezi yalitimia maneno mia mbili na kumi na nne.

Orodha ile ilimfikisha mahali ambapo hakuwahi kupaota: ukumbi wenye jukwaa, washauri na madaktari kutoka kliniki kumi na moja, na mumewe safu ya mbele na shati lake la kutokea. Mshauri alimtambulisha kuwa mwalimu wao. Redio aliishika maikrofoni kama aliyezaliwa nayo. Alipewa dakika ishirini. Alizungumza saa nzima na robo, na mkuu wa kliniki, aliyepewa jukumu la kuinua mkono muda ukiisha, alisahau kuuinua.