Mama Mkwe na Akaunti Isiyo na Madaraka

Saa mbili kasoro robo asubuhi, sebule imeshafagiliwa na mpiga chapa ameketi mbele ya kompyuta yake, vidole vinakimbia bila yeye kuvitazama. Kando yake mama mkwe wake anafuma sweta, huku jicho moja likichungulia kioo cha kompyuta.

"Mama, usinisomee kazi za watu," anamtania.

"Nisome nini, mwanangu? Hata miwani sijavaa," mama anajibu, na wote wawili wanacheka.

Wiki mbili zilizopita hapakuwa na wa kucheka katika nyumba hii.

Mtaani mpiga chapa huyu wanamwita Mama Chapa. Kwa miaka tisa amekuwa akichapa barua, ripoti na tasnifu za watu akiwa nyumbani. Siku ikimnyookea hutoa kurasa arobaini. Mumewe ni dereva wa lori, husafiri hata wiki tatu mfululizo. Kompyuta ni moja. Asubuhi ni ya kazi, alasiri ni ya mama mkwe, ambaye hutafuta mitindo ya kufuma na kusoma barua pepe za mwanawe.

Mwaka huu Mama Chapa alipata kazi nzito. Mkunga mstaafu alimletea kumbukumbu zake kwenye madaftari kumi na moja. Mikono ya mkunga inatetemeka siku hizi, hivyo sura tatu za mwisho hakuziandika popote. Alikuja kukaa kwenye sebule hii akisimulia, Mama Chapa akichapa.

"Zile sura zilikuwa kichwani mwake na humu ndani tu," anasema Mama Chapa. "Nakala kwenye diski ya nje nilikuwa naweka kila mwisho wa mwezi. Na mwezi ulikuwa haujaisha."

Kompyuta hiyo ilianza maisha yake kwa mpangilio wa ajabu kidogo. Kuna akaunti ya msimamizi, yenye uwezo wa kuweka programu na kufikia faili za kila mtu, na kuna za kawaida. Mama Chapa alitafakari, akaona hawezi kujiweka juu ya mama wa mumewe. Akampa mama ile ya msimamizi, yeye akabaki na ya kawaida.

"Ningeanzaje? Mama mkwe awe chini yangu?" anasema akijiziba uso.

Aliyeshtuka ni fundi wa kompyuta, siku alipokuja kubadilisha kibodi. "Dada, kompyuta haijui mkwe," alimwambia. "Mpe kila mtu ruhusa ya kazi yake, basi. Na kwenye hiyo ya msimamizi asikae mtu, hata wewe. Iguswe siku ya kuweka programu tu."

Wakafanya hivyo. Nywila ya msimamizi, yaani neno la siri, ikabadilishwa, akabaki nayo Mama Chapa. Folda ya kazi ikafungwa kwa akaunti nyingine zote za kawaida. Ya picha za familia, mama akaweza kuitazama, lakini si kubadilisha wala kufuta.

Mama mkwe alinuna wiki nzima. "Nilimpigia mwanangu simu nikamwambia, mkeo amenifungia chumba ndani ya nyumba yako," anakumbuka. Alilainika siku alipomwona mkwe wake naye, akitaka kuweka programu, anaulizwa nywila kama mgeni.

Kisha ikaja Alhamisi moja alasiri. Mama Chapa alikuwa ametoka kupeleka kazi. Barua pepe ikamfikia mama mkwe: mzigo wako umefika, fungua kiambatisho. Mwanawe alikuwa amemwahidi nyuzi za kufumia, basi mama akafungua. Kompyuta ikadai nywila ya msimamizi.

"Nilijaribu mwaka wangu wa kuzaliwa, ikakataa. Nikajaribu wa marehemu mume wangu, ikakataa vilevile," anasema. "Ningekuwa nayo ningeiandika, tena kwa furaha."

Dakika chache baadaye mitindo ya kufuma aliyohifadhi humo ikaanza kubadilika majina, mmoja baada ya mwingine, na hakuna uliofunguka. Tangazo la kudai malipo likajaa kioo kizima. Akachomoa waya ukutani, akaenda kujilaza na viatu miguuni.

"Nilimkuta analia," anasema Mama Chapa. "Akaniambia, 'Nimekuharibia kazi, mwanangu. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.' Nikampa pole hivyohivyo, lakini nilikuwa nauona uso wa mkunga."

Usiku huo hakuna aliyekula. Asubuhi fundi akaja, akakata mtandao, akaanza kupekua folda moja moja. Mama mkwe alisimama mlangoni, hakutaka kuingia.

Mitindo sitini ya kufuma ilikuwa imeharibika. Picha za familia zilikuwa salama. Folda ya kazi haikuguswa kabisa, kwa sababu kirusi kilichotoka kwenye kile kiambatisho kilitumia ruhusa za mama, na ruhusa za mama hazikufika humo.

"Kurasa mia tatu na kumi na mbili," anasema Mama Chapa, na machozi yanamlengalenga hata leo. "Nilizipitia zote. Halafu nikakaa sakafuni nikacheka peke yangu."

Fundi alinakili kazi hiyo pembeni, kisha akaisafisha mashine yote. Nakala sasa huwekwa kila jioni, na diski ikimaliza huchomolewa na kurudi kabatini. Mama mkwe naye, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka: ujumbe wowote ukitokea kwenye kioo anaita hadi jirani anasikia.

Kitabu cha mkunga kimeshakwenda kiwandani kuchapishwa. Mama Chapa sasa anaweka akiba ya kompyuta ya pili, ya kazi ikae peke yake, na mama awe na yake mwenyewe, yenye akaunti ya msimamizi mikononi mwake akitaka.

Mama mkwe anaacha kufuma.

"Kompyuta nitaipokea, mwanangu, na Mungu akubariki," anasema. "Hiyo nywila kaa nayo wewe."