Kibuyu Kilichopotea Siku ya Koito

Nakumbuka siku moja kule Ndanai, mwanangu, nilipomwita mama wa watu mwizi mbele ya wanawake sita. Ilikuwa koito ya dada yangu, siku ambayo wazee wa upande wa bwana huja kuposa, na mimi ndiye niliyeachiwa kazi ya kutayarisha mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu.

Wakati huo nilikuwa nimezama kwenye vitabu vya upelelezi, kimoja baada ya kingine, vya mama mmoja mshonaji anayenasa wahalifu polisi wakishindwa. Usinicheke, bado navisoma. Siku hizi mjukuu huniwekea kwenye simu. Nilisoma nikipika, nilisoma nikisafisha kibuyu, kitabu kikiwa gotini.

Asubuhi ya koito, kibuyu hakipo. Wanawake wakashika vichwa, maana mgeni wa koito hapokewi bila mursik. Mimi nilifurahi, Mungu anisamehe. Niliona matone ya maziwa mlangoni, nikayafuata katikati ya michai hadi jikoni kwa jirani yetu, Mama Cherono, wenzangu wakinifuata. Kibuyu chetu kilikuwa pale, kimeoshwa, kimepinduliwa kikauke.

"Kikulacho ki nguoni mwako!" nikatangaza. "Mama Cherono, kumbe ni wewe umetuibia!"

Alikuwa anafunika kibuyu chake mwenyewe, kimejaa. Hakupandisha sauti.

"Chelangat, nilinusa hiyo yenu nikileta kuni. Imeharibika, kibuyu hukukausha. Nilikuwa nawaletea yangu, wageni wasijue, na hawa pia wasijue. Si ungekuja tu uniulize?"

Nilitamani ardhi inimeze. Aliyechukua nilikuwa nimemjua sawasawa; sababu ndiyo sikuijua. Aibu yangu aliyoifunika niliifunua kwa mdomo wangu. Naye, pamoja na tusi hilo, alibeba mursik yake akaja kuwamiminia wageni wetu.

Kwa hivyo soma, mwanangu, soma hata ugali uungue. Vitabu hivyo vinanoa macho. Lakini kitabuni lazima mkosaji awepo, la sivyo hakuna hadithi. Huku kwetu mara nyingine kuna jirani tu. Kuuliza si ujinga. Ukiona nyayo, zifuate, ila ukifika mlangoni piga hodi, ingia peke yako, uulize kabla hujataja jina la mtu mbele za watu.

Mungu akupe macho makali, na siku yatakapokudanganya, akupe jirani wa kukusitiri.