Mama Funguo na mafunzo ambayo hayakufanyika

Saa moja kasorobo asubuhi, mwanamke wa miaka 47 anafungua ukumbi wa mafunzo katika chuo cha polisi, anaingiza ndoo na kuanza kupiga deki. Askari wawili waliokuwa wakicheka barazani wanamwona. Kicheko kinakatika.

"Shikamoo, Mama Funguo," anasema mmoja, macho pembeni.

"Marahaba."

Wanapita. "Salamu wananipa," anasema akikamua tambara. "Maongezi ndiyo yameisha."

Amefanya usafi hapa miaka kumi na moja. Jina hilo alipewa kwa kuwa ndiye mtunza funguo za kumbi zote. Hata wakufunzi humfuata wakitaka kufunguliwa. Walimpenda, anasema, mpaka mdogo wake alipovunjwa bega.

Mdogo wake ni fundi seremala. Mwaka jana alikuwa akitoka kazini na begi la vifaa pale askari waliokuwa wakimsaka mwizi walipomsimamisha. Hakukimbia. Walimlaza kifudifudi, mmoja akamkandamiza goti mgongoni, mwingine akamsokota mkono mpaka bega likalia. Mwizi hakuwa yeye. Amefanyiwa upasuaji mara mbili, na huu ni mwezi wa tisa hajashika randa.

Familia ililalamika, na kamati ya uchunguzi iliyoundwa ikajibiwa upesi na chuo: askari wale walikuwa wamepata mafunzo ya siku tano ya kumkamata mtu bila kumuumiza, kwa hiyo lazima fundi huyo ndiye aliyepigana. Ushahidi ulikuwa karatasi ya mahudhurio yenye sahihi ishirini na sita. Familia ikapewa nakala.

"Mdogo wangu aliniletea nimsomee, miwani yake ilivunjika siku ile alipokamatwa," anakumbuka. "Nikaona tarehe, nikaona namba ya ukumbi. Nikasema, ukumbi gani huu? Wiki hiyo dari ilikuwa imeanguka, mafundi wamejaza ngazi zao ndani, na jioni nafunga mwenyewe. Hao ishirini na sita walikaa wapi, juu ya ngazi?"

Alikaa na neno hilo moyoni wiki mbili. Kisha akaenda kulisema mbele ya kamati.

Kesho yake msimamizi alimtaka akabidhi funguo. Jioni, mtu asiyemfahamu alimsubiri getini, akamuuliza kwa upole: "Dada, una watoto wangapi vile?"

"Nikamjibu watatu, na wote wanajua nimesema nini na wapi."

Fundi wa dari alithibitisha maelezo yake. Askari wawili waliomkamata mdogo wake wakasimamishwa kazi. Mkuu wa mafunzo akahamishwa. Wapi? Mwandishi aliuliza ofisi ya chuo mara tatu, jibu likawa lilelile: "Suala linashughulikiwa." Funguo alirudishiwa baada ya mwezi, bila maelezo. Hata hilo linamtia wasiwasi.

Siku hizi mafunzo yanafanyika kweli. Yeye bado haamini. Anasema alimsikia mkufunzi mmoja akiwaambia wanafunzi: "Hapa fanyeni hivi. Mkifika nje mtajua wenyewe." Wakacheka.

Kinachomkera zaidi ni sanamu ya mpira wanayoifanyia mazoezi. "Wanaisokota mkono, imetulia tu. Kisha wanapewa alama nzuri!"

Ndiyo maana alimwandikia mkuu mpya wa mafunzo barua ya mistari minne: siku ya mtihani wa ukamataji, yeye ndiye akamatwe badala ya sanamu. Mkuu alicheka kwanza. Juma lililopita alikubali, kwa sharti kwamba daktari awepo.

Mdogo wake hataki kusikia. "Dada, bega moja linatosha kwenye familia," alimwambia. Lakini ameahidi kuja, na ameombewa kiti cha mbele.

Mtihani ni Alhamisi.

"Nitalala chini kama walivyomlaza yeye," anasema Mama Funguo. "Wakinishika vizuri, nitainuka niwapigie makofi. Wakiniumiza, nitapiga kelele chuo kizima kisikie. Ile sanamu haijui kupiga kelele."