Kope Zangu na Dawa ya Mama

Mama yangu ana presha ya macho, na mimi ndiye niliyekuwa nikimtilia matone kila magharibi. Nilipoona dawa ile inarefusha kope zake, nikaanza kujipaka na mimi, maana harusi ya kanisani kwetu katika kambi ya Nakivale ilikuwa inakaribia. Chupa ikaisha mapema, nikaijaza maji ya kuchemsha. Harusini nilipepesa macho kana kwamba bibi harusi ni mimi.

Juzi huko Mbarara dokta alimpima Mama, akakuta presha imepanda na jicho la kushoto limezidi kufifia.

“Mama, hii dawa unaweka kila siku?”

“Huyu mutoto wangu ananitiaka, dokta. Hasahauke hata siku moja.”

Dokta akanigeukia, akazikazia macho kope zangu. Mama hakuyaona hayo. Alikuwa bado ananisifu.