Goti Jipya, Timu Haipo

Jumamosi, kwenye tramu ya kwenda Jette, huku Ubelgiji, mbele yangu aliketi mzee mmoja Mkongo, "papa" kama wanavyowaita wazee wao, mfuko wa michezo mapajani. Kando yake alikuwa mama aliyemfahamu.

"Goti inaendelea aje, papa?" mama aliuliza.

"Bon, iko bien. Docteur amesema naweza kucheza tena, polepole." Akakunja mguu, akaunyoosha, mama aone jinsi goti la bandia linavyotii.

"Basi utarudia mpira na bale bazee benzako."

Papa akavuta zipu ya mfuko, ingawa ilikwisha kufungwa. "Dix ans, miaka kumi, balikuwa bananiambia, enda bakupasule, urudi tucheze. Mi niliogopa kisu. Sasa golikipa tulimuzika, bengine balirudia Lubumbashi. Équipe, timu yetu, haiko tena."

"Alors, unaenda wapi na mfuko?"

"Piscine. Naogelea na bamama bazee ba Kibelgiji."

Mama alicheka. Papa hakucheka.

Alishuka kituo kilichofuata bila kushika chuma, na mguu haukumsumbua hata kidogo. Wengi wetu tunapoiahirisha hospitali tunafikiria maumivu tu. Papa yule alingoja woga umwishe, na ulipokwisha, hakukuwa na mtu wa kumpasia mpira.