Nilivyofuta Sauti ya Mpwa Wangu

Nilifuta sauti ya mtoto wa dada yangu, nikaweka ya binti yangu. Nilifanya hivyo mchana kweupe, nikiwa na akili timamu, kisha nikaenda kula.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa mkuu wa vipindi vya watoto na vya mchana katika kituo kimoja cha televisheni Nairobi. Tulirekodi watoto wa mashambani wakieleza kazi zao. Kwetu Kilungu, Ukambani, nilimchagua mpwa wangu Mwende, wa miaka tisa. Alieleza wanavyochimba maji kwenye mchanga wa mto uliokauka, na wanavyozungushia miiba ili mbuzi wasiyachafue. Hakuruka hata hatua moja.

Ofisini, mhariri alicheka. "Mkubwa, Kiswahili cha huyu ni Kikamba kitupu!"

Wenzangu wakacheka. Mimi nilikuwa nimeificha lafudhi hiyo hiyo kwa miaka kumi. Sikusema kuwa ni wa kwetu. Nilimleta studio binti yangu, mzaliwa wa Nairobi, akasoma maneno ya Mwende kwenye karatasi, tukaiweka sauti yake juu ya picha za Mwende kwenye mkanda mpya. Ule mkanda wa kwanza, wenye sauti ya Mwende, tukaufuta kwa kurekodi juu yake kipindi cha mapishi.

Siku ya kuonyeshwa, dada yangu Mueni, mama yake Mwende, aliwaita majirani dukani, palipokuwa na televisheni ya betri ya gari. Walimwona Mwende akifungua mdomo, ikatoka sauti ya mtoto wa mjini.

"Mwende, ulikunywa maji ya Nairobi lini?" majirani wakamtania.

"Hebu tusemeshe kwa ile sauti ya televisheni!"

Shuleni walimcheka muhula mzima. Mwalimu akimwita, anasimama tu, hajibu.

Mueni aliponiuliza, nilimwambia mitambo iliharibika. Aliniamini! Akanifungia maembe niwapelekee mafundi, wasijilaumu sana. Niliyala mwenyewe.

Desemba nikaenda Kilungu na familia. Binti yangu akaingia jikoni. "Shangazi, naomba maji."

Mueni akabaki ameshika mwiko hewani. Mwende alikuwa akichambua ndengu. Akamtazama binti yangu mdomoni, kisha akanitazama mimi mlangoni. Akaweka ungo chini, akatoka.

Tukala chakula kama kawaida. Hata mimi nilikula, na sikuhisi chochote. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo!

Wewe unayekabidhiwa mtoto wa mtu umtoe mbele ya watu, mtoe alivyo. Kama unamwonea haya, mwache kwao.

Nimeshastaafu. Mueni hajawahi kuniuliza tena. Mwende ameolewa, ana watoto wawili. Nikimtembelea ananiletea chai, anaiweka mezani, anarudi jikoni. Tangu Desemba ile hajatamka neno mbele yangu. Nikiwa bado uani huwa namsikia akiwasimulia wanawe kitu, wanacheka. Nikibisha hodi, ananyamaza.