Wa Kumi na Moja Kwenye Orodha ya Pili

Miaka thelathini na moja Bibi Fundi alishona sare za wasichana wa ile sekondari kubwa, na waliozivaa alikuwa nao kichwani mmoja mmoja. Siku majina ya waliochaguliwa kujiunga yalipobandikwa, aliwatangulia wote ubaoni, miwani ya kushonea puani.

Orodha zilikuwa mbili. Ya kwanza, nafasi arobaini za wazi, za yeyote kwa alama zake. Ya pili, nafasi kumi za akiba, za watoto wa shule za pembezoni zisizo na walimu wa kutosha. Mjukuu wake aliongoza ya pili: alama 381. Binti wa jirani yao, muuza mkaa, alikuwa wa kumi na moja. Amekosa kwa nafasi moja tu, na shule nyingine alizoziandika zimeshajaa. Angebaki kupima mkaa.

Waliokuwa ubaoni wakampongeza Bibi Fundi. Yeye akarudi orodha ya kwanza. Wa mwisho mle alikuwa na 362.

"Wangu mwenye 381 kafuata nini kwenye akiba?" akajiuliza, akaenda dirishani kwa karani.

"Shikamoo, bibi. Mjukuu si kapata? Unalalamika nini tena?"

"Marahaba. Silalamiki, baba, nauliza. Mlianza kujaza wapi?"

"Za akiba, kisha za wazi."

"Tangazo la nafasi linasema hivyo?"

Karani akacheka. "Bibi, haya mambo ya kompyuta."

"Kompyuta siijui. Kusoma najua. Lilete."

Karani akalileta, akalifuata kwa kidole: nafasi za wazi zijazwe kwanza. Kicheko kikamkauka.

"Kumbe! Mjukuu wako anastahili za wazi, na yule wa kumi na moja anaingia za akiba. Lakini bibi, yule wa 362 anatoka."

Hilo Bibi Fundi hakuwa amelifikiria. Akashika kingo za dirisha.

"Anakwenda wapi?"

"Shule aliyoiandika ya pili. Nafasi ipo."

"Ina walimu?"

"Inao. Na maabara."

Karani akaingia kwa mkuu wake, akatoka na kibali cha kubadilisha orodha.

"Haya, bibi, nenda kapumzike."

"Mwandikie kwanza mama wa yule mtoto anayetoka. Mweleze kosa ni lenu. Asije akalikuta ubaoni."

"Nitaandika kesho."

Bibi Fundi akavuta kiti cha wageni, akaketi mkabala na dirisha. "Andika, baba. Mimi sina haraka."

Karani akatafuta kalamu.